Mstari Mmoja Juu ya Jina la Mama

Barua ya ofisi ya kodi ilinikuta na pini mdomoni, na afadhali zilikuwamo, maana bila zile pini ningetoa maneno ambayo mteja aliyesimama mbele yangu asingeyasahau. Mimi ni fundi cherehani. Nashona magauni, sare na mapazia, na kila mwaka najaza fomu yangu ya kodi ya mapato kwa mkono, naitia kwenye bahasha, naipeleka posta mwenyewe. Naweka nakala ya mwaka uliopita upande wa kushoto, fomu mpya kulia, nanakili taratibu nikibadilisha panapobadilika. Sijawahi kukosea. Sasa barua ilisema nimekosea.

Niliisoma pale pale, mteja akiwa na mkono mmoja tu wa gauni. Walisema, kwa lugha yao ile kavu, kwamba katika sehemu ya wategemezi nimemwandika mama yangu mzazi, lakini mama huyohuyo ameandikwa pia na mlipakodi mwingine kuwa ndiye aliyemtunza mwaka ule. Mtegemezi mmoja hawezi kuandikwa na watu wawili. Kwa hiyo nifike ofisini tarehe fulani kusahihisha. Na namna ya kusahihisha walieleza vizuri, watu wasije wakaharibu karatasi: usikwangue, usipake wino mweupe, piga mstari mmoja tu juu ya maneno yenye kosa ili yaliyokuwepo yaendelee kusomeka, kisha tia saini pembeni.

Yaani nimpige mama mstari.

Mama alizaa watoto wawili, kaka yangu na mimi. Sikuhitaji kupiga ramli kumjua huyo mlipakodi mwingine.

Nieleze kidogo, ili usije ukadhani mimi ni mtu wa kuchukia bure. Mama alianguka bafuni akavunjika nyonga, na tangu siku hiyo hadi alipofariki, mwezi wa nne wa mwaka huo wa kwenye fomu, aliishi kwangu. Cherehani yangu niliihamishia chumbani kwake ili nishone huku namsikia akipumua. Nilimwogesha, nilimgeuza, nilimlisha, na akinitukana kwa maumivu nilimtukana na mimi, halafu tunacheka. Kaka ni mkuu wa idara kwenye kampuni ya bima, ana nyumba ya ghorofa na geti linalofunguka lenyewe. Alikuwa anakuja, nisimsingizie. Alikuja mara mojamoja, akasimama mlangoni na funguo za gari mkononi, akasema, "Mama, naona umenawiri," kabla hata macho yake hayajazoea giza la chumba.

Siku ya mazishi alilia mpaka akashikwa mabega. Akasimama akahutubia jinsi mwana anavyopaswa kumbeba mama yake kama mama alivyombeba yeye. Watu wakaja kumpa pole na kumshukuru kwa kumtunza mzee, naye akawa anaitikia, "Ni wajibu, ni wajibu." Mimi nilikuwa jikoni nahesabu sahani. Cheti cha kifo alikichukua yeye, akisema nisijisumbue na mambo ya maofisini. Jiwe la kaburi likachongwa jina lake peke yake chini ya jina la mama. Nikanyamaza. Nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka unaweza kumvua hata viatu.

Lakini ile fomu ilikuwa yangu. Ndiyo karatasi pekee duniani iliyosema mama aliishi na mimi. Jina, uhusiano, anapoishi, anayemtunza: safu moja nyembamba, kwa mwandiko wangu. Kaka alikwisha kubeba maneno, machozi na jiwe. Sasa alitaka na hiyo safu, na alitaka niifute kwa mkono wangu, nitie na saini, ili ionekane mimi ndiye niliyedanganya.

Nikampigia simu.

"Kaka, umemwandika mama kwenye kodi yako?"

Akakohoa. "Ah, mdogo wangu, hayo mambo anayajua mhasibu."

"Kwani mhasibu ndiye aliyezaliwa na mama?"

"Usianze. Nitapita tuongee."

Akapita kweli, tena siku hiyohiyo, na hilo peke yake lilinionyesha kwamba jambo limemkaa vibaya. Miaka yote nikimwita kwa ajili ya mama alikuwa na vikao. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akaangalia mapande ya vitambaa, akaniuliza biashara inaendaje. Nikamwambia inaenda. Akaniuliza kama bado kile kifua kinanibana. Nikamwambia hakijawahi kunibana, aliyebanwa kifua alikuwa mama.

"Sikiliza," akasema. "Na mimi nimepata barua kama yako. Wewe piga tu huo mstari, yaishe. Kile utakachopunguziwa wewe ni kidogo, kwangu mimi ni kitu cha maana kwa sababu ya mshahara wangu. Wakikutoza faini nitalipa mimi."

"Nikipiga mstari nitakuwa nimesema nilidanganya."

"Nani atasoma, jamani? Ni karatasi inakwenda kabatini."

"Mimi nitakuwa najua."

Akacheka, kile kicheko chake cha kumbembeleza mtoto. "Mdogo wangu, mama hayupo. Hawezi kujua umemfuta."

Hapo nikatulia. Wanaonijua wanajua kwamba nikipayuka hakuna neno, itapita kama mvua ya jua. Nikitulia, tafuta pa kwenda. Kaka hanijui. Aliondoka nyumbani mimi nikiwa bado navaa nguo alizozikataa yeye, na hajarudi kunijua.

"Sawa," nikamwambia. "Nimekubali. Njoo siku niliyoitwa, nitapiga mstari mbele yako. Ila mlete na shangazi, aone tumemaliza bila ugomvi. Si unajua anavyopenda amani."

Akafurahi mpaka akanyoosha miguu. Nikamtengenezea chai akainywa yote. Alipoinuka nikaona kifungo cha koti lake kinaning'inia kwa uzi mmoja. Akanivulia koti, nikakifunga, nikakizungushia uzi vizuri nikakata kwa meno. Sina ubaya na vifungo.

Alipotoka nilifungua sanduku la mama nikatoa gauni la bluu. Nikalipiga pasi polepole, likiwa limegeuzwa nje ndani.

Shangazi, dada yake marehemu baba, alinipigia kabla ya siku yenyewe. Alikuwa amekwisha kuambiwa, kwa namna aliyoambiwa.

"Nimesikia umekubali, mwanangu. Umefanya la maana. Mambo ya ndani yabaki ndani."

"Ndiyo, shangazi."

"Yule ni mkubwa wako."

"Namjua, shangazi."

"Mbona sauti yako iko chini hivyo?"

"Nina pini mdomoni," nikamwambia. Sikuwa nazo.

Ofisi ya kodi ina benchi refu linalomchubua mtu makalio, na feni ya dari inayolalamika kila inapomaliza mzunguko. Nilifika mapema nikakaa na mfuko wangu mapajani. Kaka aliingia akisalimia watu wote kama mwenye nyumba, shangazi nyuma yake na mkoba wake mweusi. Kifungo nilichokishona kilikuwa kinang'aa. Alinishika bega akasema, "Leo tunapumua," na mimi nikamwambia ndiyo, leo tunapumua.

Afisa aliyetuita alikuwa mama mmoja wa makamo, miwani yake inaning'inia shingoni kwa kamba. Alitukalisha kwenye viti vitatu upande mmoja wa meza yake, mimi mwisho, kaka katikati. Akafungua mafaili mawili, akatoa fomu yangu na fomu ya kaka, akazipanga bega kwa bega. Ya kaka ilikuwa imepigwa chapa. Kwenye safu ya wategemezi lilikuwepo jina la mama, lote, hata lile la ubatizo ambalo hakuna aliyemwita kwalo.

"Mtegemezi mmoja, waombaji wawili," afisa akasema. "Mmoja wenu itabidi asahihishe."

Kaka akajisogeza mbele. "Afisa, tusikupotezee muda. Sisi ni ndugu, tumeshaelewana. Huyu mdogo wangu ndiye anayesahihisha."

Afisa akanitazama mimi. "Dada, ni hivyo?"

"Hapana," nikasema. "Sisahihishi."

Kaka akageuza shingo taratibu. "Si tulikubaliana?"

"Nilikudanganya."

Shangazi akaita jina langu la utotoni, kwa sauti ya kuonya. Sikugeuka. Nilikuwa namtazama kaka usoni, na nilitaka kuuona huo uso vizuri, kwa sababu kwa miaka mingi nilikuwa nauona ukiwa mlangoni tu.

Afisa akavaa miwani. Nadhani alikwisha kuona ndugu wengi kwenye viti vile. Kaka aliingiza mkono kwenye koti kutoa karatasi, afisa akamwambia angoje, karatasi ataziangalia baadaye, yeye ana maswali madogo ya kuanzia. Huo ndio utaratibu wake, alisema, maana kila mtu huja pale na karatasi.

"Ndugu, mama alikuwa analala chumba kipi nyumbani kwako?"

"Chumba cha wageni."

"Kiko chini?"

"Juu." Neno lilimtoka kabla hajalifikiria.

Afisa akaandika. "Hapa dada ameeleza kwamba mama alivunjika nyonga. Alikuwa anapandaje ngazi?"

"Tulikuwa tunamsaidia. Mimi na mke wangu."

"Alivunjika upande gani?"

Ni swali jepesi. Ukimgeuza mtu asubuhi na jioni huwezi kulikosa hata ukiamshwa usingizini. Kaka alitazama mikono yake, kana kwamba mmoja utamnong'oneza. Akagusa kiuno chake upande wa kulia.

"Wa kulia."

Nilifungua mdomo. Sikuwahi kusema.

"Kushoto," shangazi akasema.

Alilisema akitazama mkoba wake. Shangazi ambaye tangu tuzaliwe hajawahi kumkosoa mtoto wa kiume wa kaka yake mbele za watu, ambaye vipande vya nyama vikibaki viwili ni vya huyo huyo. Lakini alikuja kwangu siku za mwisho, alilala sakafuni karibu na kitanda, alinisaidia kumgeuza mama. Na nadhani kulikuwa na mahali ambapo hata yeye hakuweza kupita.

"Shangazi," kaka akasema.

"Ilikuwa kushoto," akarudia, na safari hii alikuwa anamwambia yeye.

Nikafungua mfuko nikatoa gauni la bluu, nikalitandaza juu ya meza ya serikali, ndani likiwa nje.

"Hili nilimshonea alipohamia kwangu," nikamwambia afisa. "Mshono wa kwanza ni huu. Alipoanza kupungua nikaingiza huu. Baadaye huu, na huu. Kila nilipolipunguza nilimsimamisha nikampima, ananishika bega hapa. Huu wa uzi mweupe ni wa mwisho. Uzi wa bluu ulikwisha na sikutaka kumwacha peke yake niende dukani. Huo hakuwahi kuuvaa."

Afisa alipitisha kidole juu ya mishono, mmoja baada ya mwingine, kutoka nje kwenda ndani. Gauni la mwanamke mwenye mwili lilikuwa limeishia kuwa la msichana mwembamba. Shangazi alitoa leso.

"Na wewe, ndugu, una nini?"

Kaka akatoa cheti cha kifo, kimewekwa kwenye plastiki, safi. Afisa akakisoma mbele na nyuma.

"Hiki kinaniambia tarehe aliyofariki," akasema. "Mimi nauliza alikuwa akiishi kwa nani."

Kaka akaanza kutoa maelezo. Majukumu, safari za kikazi, alikuwa akimtunza kwa namna yake, kwa mawazo, kwa maombi. Nilimwacha azungumze. Kila sentensi ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia, mpaka akabaki na "unajua" na "yaani." Yule mtu aliyehutubia makaburini bila kusoma popote alikuwa ameishiwa maneno mbele ya gauni.

Afisa akamweleza kwa upole. Anaweza kusahihisha mwenyewe pale pale, au faili lipande juu kwa wachunguzi, na huko juu watataka kuzungumza na mwajiri wake. Akamsogezea kalamu.

Kaka akanitazama. "Mdogo wangu. Unaniacha nifanye hivi?"

"Piga mstari," nikamwambia. "Mama hayupo. Hawezi kujua."

Akashika kalamu, akapiga mstari. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua macho. Kisha pembeni, panapotakiwa sababu, akaandika. Mimi ni fundi, nimezoea kusoma vipimo kwa juu chini na kwa upande. Alikuwa ameandika: Kosa la kunakili.

"Si kosa la kunakili," nikasema. "Aandike ukweli."

"Dada, siwezi kumchagulia maneno," afisa akasema. Akaisoma ile sababu, akavua miwani. "Ila ndugu, kama hii si sababu ya kweli nitalazimika kukuita tena. Na nitamwita mkeo pia."

Kaka akairudisha fomu mbele yake. Feni ilizunguka ikalalamika. Akapiga mstari mwingine juu ya yale maneno, akaandika chini yake, akatia saini, akaisukuma fomu mbali naye.

"Shangazi hakuja na miwani yake," nikamwambia afisa. "Naomba umsomee."

Kaka akaniambia kwa sauti ya chini, "Inatosha." Haikutosha. Afisa alinitazama kwa muda, akijiuliza nadhani kama hilo nalo ni sehemu ya kazi yake, kisha akasoma.

"Hakuishi kwangu. Sikumtunza."

Nilisikia raha. Sitajitia utakatifu hapa. Ilishuka kooni kama maji ya mtungi, na roho yangu ikawa kwatu kwa mara ya kwanza tangu tumzike. Shangazi alikuwa anamtazama kaka kama mtu anayejaribu kukumbuka amemwona wapi. Nikaanza kulikunja gauni. Nilikuwa nafikiria nitapita dukani kununua uzi wa bluu.

"Dada, bado," afisa akasema. "Na yako ina kosa."

"Kosa gani?"

Akaigeuza fomu yangu, akaweka kidole kwenye kisanduku cha mwisho cha safu ile, kisanduku cha miezi. "Umeandika kumi na miwili. Cheti kinasema amefariki mwezi wa nne."

Niliangalia. Ni kweli nilikuwa nimeandika kumi na miwili. Nakala ya mwaka uliopita kushoto, fomu mpya kulia, mkono ukaandika ulichozoea kuandika. Niliijaza chumbani kwake, cherehani bado iko kule, sijaihamisha. Nilipofika kwenye kile kisanduku nadhani nilisikiliza kama kawaida, na sikuona cha kubadilisha.

"Mimi niliandika minne," kaka akasema, akitazama ukutani.

Na kweli alikuwa ameandika minne. Cheti kilikuwa mbele yake, alihesabu sawasawa.

Afisa alinisogezea kalamu ileile. Mimi nakata kitambaa bila rula. Nachora chaki juu ya satini inayoteleza, mteja anapiga domo, redio inalia, na mstari haupindi. Nikaishika kalamu, nikaiweka juu ya kumi na miwili, na mkono ukagoma. Shangazi akasema taratibu, "Polepole, mwanangu." Nikauanza ule mstari, ukapanda, ukashuka, ukasimama katikati, ukaendelea, ukatoka nje ya kisanduku. Pembeni nikaandika minne. Nikatia saini ambayo hata mimi nisingeitambua.

Fomu zilibaki bega kwa bega pale mezani wino ukikauka. Mstari wangu, juu ya tarakimu mbili, ulikuwa umepinda kama umechorwa na mtoto. Wake ulipita juu ya jina la mama, kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho, umenyooka, haukutetereka popote.

Machozi ya makaburini nitamsamehe. Na jiwe nitamsamehe, siku moja, nikizeeka. Ule mstari kunyooka vile, simsamehe.